Nchi Mbili Ukutani kwa Eustadia

Kama hujawahi kula senene wa kukaanga waliofungwa kwenye karatasi ya Hatibu Mansoor, basi Kayanga hujafika, umepita tu. Senene hakuwakaanga yeye. Yeye aliuza magazeti ya zamani ya kuwafungia, na kwa maelezo yake mwenyewe karatasi ndiyo iliyokuwa inawapa ladha. Wenye bucha walimjua. Akina mama wa maandazi walimjua. Na kila aliyekuwa anaoa, kuanzia Kayanga mpaka kule Murongo mpakani, alimjua zaidi, maana huku kwetu, kabla watu hawajazoea rangi za kopo, chumba cha bibi harusi kilibandikwa magazeti. Unapika uji mzito wa muhogo, unapaka ukuta wa udongo, unabandika karatasi moja baada ya nyingine mpaka darini, na siku mtoto wa watu anaingizwa ndani anakuta kuta nyeupe, zimejaa maneno. Wapo mabibi harusi waliojifunzia kusoma hapo hapo, wamelala chali, mume anakoroma. Usicheke wewe. Mama yako huenda ni mmoja wao.

Baba yake Hatibu alitoka Pangani na furushi la kanga, akaja kununua kahawa msimu mmoja, akamuona msichana wa Kinyambo anapalilia maharage, msimu ukaisha na yeye hakuondoka. Kwa hiyo Hatibu alikua na Kiswahili cha kuimba cha baba na Kinyambo cha kugomba cha mama. Darasa la saba alifaulu, kwa maelezo yake. Majina ya waliofaulu yalipobandikwa, jina lake lilisahaulika, kwa maelezo yake vilevile. Tangu hapo akaamua kuwa maandishi yanamdai heshima, akawa wakala wa magazeti. Ya kwetu yalimfikia kwa basi, yamechelewa siku mbili. Ya Uganda yalivuka daraja la Murongo, yamechelewa siku moja, ndiyo maana wazee walimtania kwamba Karagwe tunajua ya Kampala kabla ya kujua ya Dodoma.

Sasa sikiliza jambo lililomfanya awe Hatibu na si wakala mwingine yeyote. Nyuma ya kibanda chake alikuwa na chumba kisicho na dirisha. Humo, juu ya matofali, mchwa asipate pa kupandia, aliweka mirundo: kushoto ya kwetu, kulia ya Uganda. Kila wiki tangu mwaka tisini na tisa alitoa nakala kadhaa za kila upande, akaziweka, asiuze. Mwaka ukiisha alifunga mrundo wake kwa kamba ya mgomba, akasimama kando yake, akapima kwa mguu wake mwenyewe.

"Mwaka wa kwanza," angekwambia hata kama hujauliza, "ya Uganda ilinifika pajani, ya kwetu gotini. Nikaona aibu, wallahi. Elfu mbili na nane, na tisa, tukalingana, goti kwa goti. Nikasema haya, tumefika. Kumbe ndiyo tunaanza kushuka wote! Goti, muundi, kifundo. Mwaka jana ya kwetu hata kifundo haikufika, na wale wametuzidi unene wa kidole tu."

"Mzee Hatibu," mwenye bucha alimchokoza, "kwani wewe ni waziri wa karatasi?"

"Waziri hubadilishwa. Mimi nipo. Sikiliza, we mkata mifupa. Habari hazijaisha. Karatasi ndiyo imeisha. Hakuna anayeitengeneza hapa, si sisi si wao, wote tunaagiza kwa watu wa nchi za baridi. Meli ikichelewa, Dar wanapunguza kurasa, Kampala wanapunguza kurasa. Tofauti ni nani anakubali mapema kwamba hana."

Na kweli, msomaji wangu unayesoma haya kwenye simu, nani leo analisubiri gazeti la juzi?

Karatasi zenyewe alizigawa mafungu mawili, na majina aliyatunga yeye. Ya kwanza ni karatasi ya barafu: nyeupe, ngumu, ya miti ya huko kwenye theluji, ikiloa inavumilia. Ya pili ni karatasi ya majivu: kijivu, laini, makaratasi machakavu yaliyochemshwa upya, ikiguswa na maji inarudi kuwa uji. Alijua ipi ni ipi kwa kusugua pembe ya ukurasa kwa vidole viwili karibu na sikio. Watu walimfunga kitambaa machoni, wakampa ya kwetu, wakampa ya Uganda, akapatia kumi kwa kumi. Mara moja tu alikosa, akasema karatasi ndiyo iliyokosea. Mke wake, Mwanahalima, alikuwa akisema kwamba mume wake angeweza kuomba msamaha kwa Mungu lakini si kwa mteja.

Basi. Mwezi wa nane mwaka huu, asubuhi, akaja mwanamke mrefu mwenye fimbo, viatu vya plastiki vimejaa vumbi jekundu la Kyerwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Unataka ya kufungia au ya kubandika?"

"Ya kutazama."

Hatibu akacheka. "Ya kutazama siku hizi iko kwenye simu, mama yangu."

"Sina simu ya kutazama. Mimi ni Kyarisiima, wa Kibingo. Mama Ayebare. Yule mtoto wa josho."

Kicheko kikamkauka mdomoni.

Mwaka elfu mbili na tisa, kule Kaisho, lilifunguliwa josho jipya la ng'ombe. Alikuja mtu wa gazeti kutoka Mwanza, akawapiga picha wakubwa, halafu akaona mtoto wa miaka kumi na moja amemshika ndama kamba, akampiga na yeye. Gazeti liliitupa picha ya wakubwa, likatoa ya mtoto. Ayebare wa Kyarisiima, mwana wa pekee. Watu wa mifugo walilinunua gazeti lile hadi likaisha kibandani, na baba wa mtoto, Felisiani, alipata nakala ya mwisho, akaikata picha akaibandika kwenye nguzo ya nyumba. Wiki tano baadaye Ayebare alikuwa malishoni, uwandani, hakuna mti hakuna nyumba, ikapiga radi. Ng'ombe wanne na yeye.

Baada ya matanga Kyarisiima alikuja Kayanga kutafuta nakala nyingine. Hatibu alimpeleka kwenye chumba cha nyuma, akamuonyesha gazeti lile lile kwenye mrundo wa kushoto. Hakumpa. Alimwambia hii ni kumbukumbu, haitoki, lakini itakuwepo hapa siku zote. "Hata nikifa mimi, mama, njoo, utamkuta mwanao." Aliyasema hayo kwa sauti kubwa, na watu wakiwepo.

"Felisiani alifariki mwaka juzi," Kyarisiima alisema sasa, bado amesimama. "Kiangazi hiki nyumba imeungua. Na nguzo. Nimekuja kumtazama mwanangu, mzee. Nitatazama tu, sitaichukua."

Hatibu akasema, "Ngoja kidogo," akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango. Hakuwa na haja ya kutafuta. Alijua. Mrundo wa kushoto wa mwaka ule ulikuwa umepungua katikati, kamba ya mgomba inalegea, na aliyeupunguza ni yeye.

Ilikuwa hivi. Mwishoni mwa mwaka ule ule wa tisa, mrundo umeshafungwa na kupimwa, Rwegoshora wa Ihembe, fundi mwashi, alikuwa anaoa. Aliagiza magazeti ya chumba kizima. Bunda la Uganda likakwama mpakani, harusi ni Jumamosi, na Hatibu ameshajitapa kwamba Rwegoshora atapata chumba ambacho Karagwe haijaona. Zilipungua karatasi za ukuta mmoja. Akaingia kwenye kumbukumbu yake. Kulia, kwenye ya Uganda, hakugusa, maana alijiambia: hii inatoka ugenini, kesho inaweza isije. Ya kwetu itakuja tu, ni yetu. Akachomoa kushoto miezi mitatu ya katikati ya mwaka, akaifunga, akaipeleka. Wala hakumkumbuka mtoto wa josho mpaka alipofika nusu ya njia ya kurudi, na alipomkumbuka akajiambia yule mama hatakuja.

Mwanahalima alimkuta amekaa juu ya tofali gizani.

"Kuna mama wa watu huko nje amesimama."

"Mwambie panya wamekula."

"Panya gani? Miaka yote unasema chumba chako hakiingii hata sisimizi!"

"Mwanahalima..."

"Mwambie ukweli, mume wangu. Amezika mume, amezika mtoto, ameunguliwa nyumba. Unadhani hajui kusikia jambo baya?"

Akatoka, akamwambia. Kyarisiima alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kama anavyosikilizwa daktari. Halafu akauliza jambo moja tu.

"Hiyo nyumba bado ipo?"

Wakaenda Ihembe siku ile ile, kwa gari la abiria, wamekaa viti mbalimbali. Nyumba ya Rwegoshora ilikuwepo, katikati ya migomba na mibuni, bati jipya juu, udongo ule ule wa zamani chini. Ndivyo walivyo mafundi waashi, huwajengea wenzao kwa tofali. Mkewe, Eustadia, bibi harusi wa mwaka ule, sasa mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa jirani, aliwapokea kwa ndizi za kuchemsha, akawasikiliza, akaweka mkono kinywani.

"Ndama!" alisema. "Waitu, jamani, namjua huyo ndama! Alikuwa upande wa kichwa changu, karibu na mlango. Wiki yangu ya kwanza hapa nilikuwa naogopa kila kitu, namuogopa hata huyu," akamnyooshea kidole Rwegoshora, "nikawa namuangalia ndama. Kulikuwa na mtoto amemshika. Nikasema na mimi nataka mtoto kama huyu."

Kyarisiima akamshika mkono ghafla. "Unamkumbuka sura?"

Eustadia akafikiri. Alifikiri kweli, uso umekunjamana. "Sura, hapana, dada yangu. Nisikudanganye. Namkumbuka ndama."

Kyarisiima akauachia mkono.

"Mimi pia imenitoka," alisema polepole. "Ndiyo maana nimekuja. Nguzo ilipokuwepo nilikuwa nikipita namuona, sikujua kwamba ni nguzo inayonikumbusha. Sasa nikifumba macho namuona mgongo, namuona anavyotembea, akigeuka hakuna kitu. Kama sahani." Akaigeuza fimbo yake mkononi. "Nataka nimuone mara moja tu. Nikimuona mara moja nitamshika."

Chumbani ukuta ulikuwa umenenepa. Eustadia alikuwa amebandika upya mara mbili, mwaka wa kumi na tano na mwaka wa ishirini, kila moshi ulipoharibu ya chini. Kwa hiyo mtoto wa josho alikuwa chini ya matabaka mawili, na hapo Hatibu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amesinyaa kama nguo iliyoanikwa, akaanza kuvimba tena. Akagonga ukuta kwa kucha. Akachana pembe kidogo, akaisogeza sikioni.

"Hii ya juu ni ya kwetu, mwaka wa ishirini. Majivu matupu. Angalieni ilivyo nyembamba, hata herufi za upande wa pili zinachungulia. Chini yake Uganda, kumi na tano, barafu. Mnaona? Mnadhani mimi nafanya mchezo kule Kayanga? Ukuta huu unawaambia niliyowaambia miaka yote! Tulipokuwa tumejaa, tulipopungukiwa, nani alimzidi nani. Hata wa chuo kikuu angekuja hapa na daftari!"

"Mzee," Rwegoshora alisema, "mtoto."

"Naam. Mtoto."

Wakaanza. Maji ya uvuguvugu, kitambaa, mkono mwepesi. Tabaka la mwaka wa ishirini lilitoka kwa vipande vilivyolowa, likadondoka sakafuni kama uji uliomwagika. Tabaka la Uganda lilitoka zima zima, ukurasa mzima kama ngozi ya nyoka, na Hatibu akawa anaziinua kurasa juu zisomeke, anataja mwezi, anasifu. Kyarisiima alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, fimbo magotini, haangalii kurasa, anaangalia pale zilipotoka.

Mnamo saa tisa zikaonekana kwato.

Halafu miguu ya mtoto, pekupeku. Halafu kaptula, mkono umekaza kamba, ubavu wa ndama wenye doa. Eustadia akapiga kigelegele kifupi akakimeza. Juu ya kifua, karatasi ya Uganda ilikuwa imeng'ang'ania. Kipande kama kiganja kilichokuwa kimepakwa uji mwingi, kikakauka, kikashikamana na kilicho chini yake kama kidonda na nguo. Kiganja hicho ndicho kilichofunika uso.

Rwegoshora akasogea, akakipapasa kwa dole gumba, mkono wa fundi.

"Tusiguse tena na maji," alisema. "Naukata ukuta. Nachora mraba na panga, natoa bonge zima na udongo wake. Tunaliweka kivulini siku tatu nne. Uji ukikauka sawasawa unapasuka wenyewe, hiki cha juu unakibandua na wembe, kikavu. Ukuta ni wangu, nitaziba."

"Ukuta wako utaanguka," Hatibu alisema.

"Ukianguka nitajenga. Ndiyo kazi yangu."

"Rwegoshora." Hatibu alikuwa anatabasamu kwa upole wa mwalimu mbele ya mtoto mzito. "Wewe udongo unaujua, sikatai. Karatasi niachie mimi. Hii ya chini ni ya mwaka wa tisa. Mwaka wa tisa tulikuwa goti kwa goti na Uganda. Hiyo ni barafu." Akasugua pembe iliyokuwa wazi karibu na kwato. Ilikuwa ngumu, ikalia krr chini ya kidole. "Sikia hiyo! Barafu. Hata uichemshe."

"Mzee," Kyarisiima alisema kutoka kitandani, "mimi naweza kusubiri. Nimesubiri miaka kumi na sita. Siku tatu ni nini?"

Hapo, ndugu yangu, kulikuwa na mlango wazi, mpana, hata ng'ombe wawili wangepita pamoja. Mwenye nyumba ametoa ukuta wake. Mwenye mtoto ametoa siku zake. Lakini Hatibu alikuwa ameshindwa asubuhi mbele ya mke wake na mbele ya mama huyu, na alitaka kabla jua halijazama awe amelipa, tena alipe kwa mkono wake, watu wakitazama.

"Mama Ayebare," alisema, "hutasubiri siku tatu. Hutasubiri hata dakika tatu. Nenda na Eustadia jikoni mkaniletee maji ya moto zaidi, ukirudi hapa unamsalimia mwanao."

Wakaenda. Rwegoshora akabaki mlangoni, amekunja mikono.

Maji yaliyokuwa bakulini yalikuwa bado na moto kidogo, na Hatibu hakungoja mengine. Alilowesha kitambaa, akakikandika juu ya kile kipande, akakishikilia kwa kiganja, anahesabu kimoyomoyo. Akasikia karatasi ya Uganda inalegea. Akaanza kuivuta kutoka juu kuja chini, taratibu, na ikafuata vizuri mno, laini mno, na akiwa katikati ya kuvuta vidole vyake vikajua.

Ugumu ule haukuwa wa karatasi. Ulikuwa wa uji wa muhogo. Miaka kumi na sita uji ule ulikuwa umeikausha na kuifanya ilie kama barafu, na karatasi yenyewe ilikuwa ya majivu. Ndipo akakumbuka, na mkono bado unavuta, kwamba mwaka wa tisa, katikati ya mwaka, kuna meli ilichelewa, na kwa miezi miwili mitatu magazeti ya kwetu yalichapwa kwenye kijivu. Yeye mwenyewe ndiye aliyelalamika kibandani kuliko wote. Aliupima mrundo ule kwa goti lake, akakumbuka urefu, akasahau rangi.

Akasimamisha mkono, lakini kilichokuwa kinatoka kilikuwa kimeshatoka. Akakigeuza kitambaa. Juu yake palikuwa na utelezi wa kijivu wenye weusi ndani yake, kama masizi yaliyoloa. Ukutani, juu ya kola ya shati, palikuwa na udongo.

Rwegoshora aliona. Aligeuka, akatoka nje, na akasimama uwanjani akiangalia migomba yake.

Kyarisiima akaingia na birika, Eustadia nyuma yake. Akaliweka birika chini kwanza, kwa uangalifu, lisimwagike. Halafu akatazama. Akatazama ndama, kwato, miguu, kaptula, mkono, kola. Akatazama udongo.

"Uso uko wapi?"

Hatibu akanyoosha mkono. Alifungua kitambaa.

Mama yule akainama, akakitazama kitambaa kwa karibu, hata pua ikakaribia kugusa, akakigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta sindano. Eustadia akaanza kulia. Kyarisiima hakulia. Alirudi akakaa kitandani.

"Lakini wewe ulimuona," alisema. "Kabla hakijatoka. Ulikuwa karibu."

"Nilimuona," Hatibu akasema.

"Alikuwaje?"

Hakuwa amemuona. Alichoona ni weusi unaotembea chini ya kitambaa, basi, na hilo lingesemeka kwa maneno mawili. Lakini huyo ni mtu aliyeuza maneno yaliyochelewa siku mbili kwa miaka zaidi ya thelathini, na kinywa chake hakikuwahi kumrudisha mteja mikono mitupu. Akaketi kwenye kigoda mbele yake, akalainisha sauti.

"Alikuwa anacheka, mama. Mtoto mzuri, mashallah. Macho makubwa kama yako. Anacheka meno yote nje, kama anasema, mama nimewashinda hawa wakubwa wote."

Kyarisiima alimtazama muda mrefu. Nje kuku mmoja alikuwa anaparua vipande vya karatasi vilivyotupwa, vya kwetu na vya Uganda pamoja.

"Siku mbili kabla ya josho," alisema, "ndama huyo alimpiga teke la mdomo. Meno mawili ya mbele yalitoka. Mpiga picha akamwambia cheka, akakataa, akafunga mdomo hivi, akakaza. Felisiani alikuwa akiitazama picha anasema, angalia mwanao amemnunia mtu wa gazeti."

"Mama Ayebare, nilitaka..."

"Umemuona mtoto mwingine."

Akasimama. Eustadia akafuta macho kwa kanga, akasema kwa haraka kwamba mume wake atakata hiyo iliyobaki, bonge zuri, na ndama na miguu, ataifunga vizuri aende nayo. Kyarisiima akaitazama mara moja tena ile miguu pekupeku.

"Miguu naikumbuka," alisema. "Niliiosha mwenyewe."

Akachukua fimbo yake. Mlangoni alimshukuru Rwegoshora kwa kutaka kuukata ukuta, akamshukuru Eustadia kwa ndizi, kila mmoja kwa jina lake, kama anavyoaga mtu aliyelelewa. Halafu akashika njia ya kwenda barabarani, na Hatibu akamfuata, nyuma kidogo, kitambaa bado mkononi. Mama yule hakumkataza wala hakugeuka. Walipita hivyo kwenye mibuni, wakapita dukani, watu wakawasalimia wote wawili pamoja, wakaitikiwa na mmoja. Mara mbili Hatibu alisafisha koo, na mara mbili hakuja na neno, yeye, Hatibu Mansoor, mtoto wa Pangani.

Barabarani alikuwepo dereva wa bodaboda, amelalia pikipiki yake. Akainuka, akafuta kiti kwa mkono.

"Mnaelekea wapi, wazee wangu? Mko wawili?"

"Omurushaka, nikapate gari la Kyerwa," Kyarisiima alisema, akapanda, akaweka fimbo mbele yake. "Niko mmoja."